Kusomea Kirusi chuo kikuu: Moscow, London au Almaty?

Mtu anayesema kwamba anataka kusomea Kirusi chuo kikuu huwa bado hajasema anataka nini. Huenda anataka kuimiliki lugha hiyo kiasi cha kukalimani mezani bila kubabaika. Huenda anataka kuijua jamii inayoitumia, yaani fasihi yake, dini yake, dola zilizopita na majirani waliolazimika kuisema lugha isiyo yao. Huenda pia anatafuta shahada ambayo familia yake inaweza kuilipia, na Kirusi kimekuwa mlango uliokuwa wazi. Haja hizi tatu hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana mpaka siku ya kuchagua chuo. Siku hiyo hutengana, kwa kuwa njia inayoitimiza ya kwanza vizuri mara nyingi huitimiza ya pili nusunusu, na inayoitimiza ya pili ina bei ambayo mwenye haja ya tatu hawezi hata kuifikiria.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni kwenda Urusi kwenyewe, kuanza na mwaka wa maandalizi na kuendelea hadi shahada. Ya pili ni kujiunga na idara ya Kirusi katika chuo kikuu cha nchi nyingine, na mfano nitakaoutumia ni wa Uingereza, kwa sababu shahada ya huko ina umbo linaloeleweka na lugha ya kufundishia ni Kiingereza, ambacho wengi wetu tumesomea sekondari. Ya tatu ni Asia ya Kati, katika jiji la Almaty nchini Kazakhstan au Bishkek nchini Kirgizia, ambako Kirusi ni lugha ya mjini ingawa si lugha ya asili ya wenyeji walio wengi.

Kuna kundi moja ambalo halina haja ya kuingia katika mizani hii. Mwongoza watalii wa Zanzibar anayetaka kuwapokea wageni wa Kirusi uwanjani, kuwazungusha Mji Mkongwe na kuwaelewesha bei ya safari ya boti hahitaji miaka minne ya filolojia, yaani masomo ya lugha na fasihi yake. Kozi ya jioni ya miezi kadhaa, kama zinazotolewa na kituo cha utamaduni cha Urusi jijini Dar es Salaam, pamoja na mazungumzo ya kila siku na wageni wenyewe, itamfikisha kwa gharama ndogo sana.

Mlima ni uleule

Popote mwanafunzi atakapokwenda, Kirusi atakachokutana nacho ni kilekile, na ni vizuri kukijua kabla ya kupima njia za kukifikia. Herufi zake 33 zisimtishe mtu. Anayezikazania huzisoma ndani ya wiki moja au mbili. Tatizo la kwanza la kweli ni mkazo. Sisi tumezoea mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami, lakini wa Kirusi hutangatanga na hauandikwi. Neno zamok likikazwa silabi ya kwanza ni ngome, likikazwa ya mwisho ni kufuli. Irabu isiyo na mkazo nayo hubadilika sauti, kiasi kwamba maziwa, moloko kwa maandishi, hutamkwa karibu na malako. Mswahili aliyezoea kusoma kila irabu kama ilivyoandikwa hulipia mazoea hayo kwa miezi mingi.

Kisha huja padezhi, yaani maumbo sita ya nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Chukua kitabu kimoja. Kikiwa mezani ni kniga. Ukisema huna kitabu, ni knigi. Ukikisoma, unasoma knigu. Ukija nacho, umekuja na knigoy. Ukizungumza juu yake, au kikiwa ndicho kinachopewa kitu, ni knige. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo walimu wachache humwambia. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba kitabu kizuri kimeanguka na gari zuri limeanguka, kwamba nomino inavuta kivumishi na kitenzi nyuma yake, na kwa hiyo upatanisho wa jinsia tatu za Kirusi hautushangazi. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, nao wanabadilisha mwisho. Anayekuja na Kiingereza peke yake hushangaa zaidi kuliko sisi.

Mlima wenyewe hasa ni vitenzi vya mwendo. Sema kwa Kiswahili, “Jana nilikwenda sokoni,” na umemaliza. Kirusi kitakuuliza maswali mawili kabla ya kukuruhusu kusema: ulikwenda kwa miguu au kwa chombo, na unazungumzia ile safari ukiwa njiani, au kwenda na kurudi? Kwa miguu ukiwa njiani utatumia shol. Kwa miguu ukaenda na kurudi, hodil. Kwa basi ukiwa njiani, yehal. Kwa basi ukaenda na kurudi, yezdil. Juu ya hayo huongezwa viambishi vya kuingia, kutoka, kuvuka, kufika na kupitia, na kila kitenzi kina pacha wake wa kitendo kilichokamilika. Mtu anaweza kuyaeleza haya yote kwa ufasaha baada ya muhula mmoja na bado akakosea kila anapofungua mdomo. Tofauti kubwa kati ya njia zetu tatu imejificha papo hapo, katika umbali kati ya kuijua kanuni na kuitoa kinywani bila kufikiri.

Urusi: lugha kabla ya kila kitu

Anayekwenda Urusi bila Kirusi huanzia kitivo cha maandalizi, ambacho wanafunzi wote hukiita podfak. Ni mwaka mmoja wa masomo, kwa kawaida kuanzia Septemba au Oktoba hadi Juni, wenye saa kadhaa za Kirusi kila siku katika kundi dogo. Mwalimu kwa kawaida hatumii Kiingereza, wakati mwingine kwa kuwa hakijui, lakini zaidi kwa kuwa darasani kuna Mchina, Mvietinamu, Mwarabu na Mkongo ambao hawana lugha nyingine ya pamoja. Wiki za mwanzo ni za midomo na meno. Kuna mwalimu atakayemwambia mwanafunzi ang'ate kalamu na kutamka “i,” ili ulimi urudi nyuma na kuitoa ile irabu ambayo Kiswahili hakina. Darasa zima hucheka, kisha wote hurudia mpaka waipate.

Mwisho wa mwaka huo mwanafunzi hutakiwa kufikia TRKI-1, ngazi ya mtihani wa Kirusi kwa wageni inayolingana na B1 katika vipimo vya lugha vya Ulaya na inayokadiriwa kuhitaji msamiati wa maneno 2,300. Kwa anayekwenda kusomea uhandisi au udaktari, Kirusi hapo hugeuka kuwa chombo cha kazi. Kwa anayekwenda kusomea Kirusi chenyewe, safari ndiyo kwanza imeanza, kwa kuwa ngazi inayolengwa kwa wahitimu wa filolojia ni TRKI-3, na kati ya hizo mbili kuna pengo kubwa. Maneno 2,300 yanatosha kununua, kuuliza na kujieleza kwa daktari. Hayatoshi kusoma riwaya ya karne ya 19 wala kufuatilia mhadhara wa historia ya lugha, na mwaka wa kwanza wa shahada huwa mgumu hata kwa waliopata alama nzuri podfak.

Jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni jina la programu iliyoandikwa katika barua ya kukubaliwa. Filolojia ina namba 45.03.01 na lingvistika ina 45.03.02. Ya kwanza ni ya lugha na fasihi. Ya pili ni ya isimu, tafsiri na mawasiliano, na mara nyingi hutegemea lugha ya kigeni unayoijua tayari. Vyuo vingi vina mkondo wa filolojia unaoitwa RKI, yaani Kirusi kama lugha ya kigeni, ambao humwandaa mtu kuwa mwalimu wa Kirusi kwa wageni. Anayetaka kurudi kufundisha Nairobi au Dodoma angefaa huo. Anayetaka ukalimani angejuta kuupata huo badala ya tafsiri, na kubadilisha programu ukiwa tayari kule si jambo la barua moja.

Kuhusu vyuo vyenyewe, majina mawili hutajwa sana katika lugha, na yote yapo kusini-magharibi mwa Moscow, si mbali na kituo cha treni za chini cha Belyayevo. Taasisi ya Pushkin ilianzishwa mwaka 1966 kwa kazi hasa ya kufundisha Kirusi kwa wageni. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, kilichoanzishwa 1960, kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, kikaondolewa jina hilo 1992 na kurudishiwa 2023. Wazazi wengi Afrika Mashariki bado hukiita Lumumba tu, kana kwamba halikuondolewa kamwe. Lakini Moscow ni ghali, na Kirusi cha Kazan, Voronezh au Tomsk si duni kuliko chake. Mji wa ukubwa wa kati una faida moja ambayo matangazo hayaisemi: wageni ni wachache, Kiingereza dukani hakisaidii, na mwanafunzi hulazimika kuzungumza.

Mitihani nayo hulazimisha kuzungumza. Sisi tumelelewa na mitihani ya kuandika, ya NECTA au KNEC, ambapo mwenye hati nzuri na kumbukumbu hupenya. Huko mwanafunzi huingia chumbani na kukuta karatasi ndogo zimelazwa mezani kifudifudi. Huchukua moja, ambayo ni bileti yake, hutaja namba yake kwa sauti, hukaa kama nusu saa kujiandaa, kisha husogea mbele ya mwalimu na kujibu kwa mdomo. Mwalimu humkatiza, huuliza la pembeni, humrudisha nyuma. Alama ya juu ni 5, na 2 ni kufeli. Kwa mtu aliyesikia vitenzi vya mwendo njiani, hostelini na kantini kila siku, mtihani wa namna hii humkomaza. Kwa aliyejificha mwaka mzima na wenzake wa kutoka nyumbani, ni fedheha.

Adabu ya lugha humjia Mswahili kwa wepesi. Mwalimu huitwa kwa jina lake na jina linalotokana na la baba yake, kama Natalya Ivanovna, na huambiwa vy, umbo la wingi la heshima, si ty. Aliyelelewa kutoa shikamoo haoni ajabu. Huona ajabu zaidi mtu asiyemjua akimkemea basini kwa kutovaa kofia wakati wa baridi, na baada ya muda hugundua kwamba ule ulikuwa ukarimu.

Sasa upande wa pili wa mizani. Utamaduni kwa wanafunzi wa kigeni mara nyingi hufundishwa kama zawadi ya mwenyeji kwa mgeni: makumbusho, sherehe ya Maslenitsa ya kuaga majira ya baridi, mashairi ya kukariri, historia iliyopigwa pasi. Mwanafunzi wa Kiafrika ataambiwa habari za Abram Gannibal, babu mkuu wa mshairi Pushkin aliyetoka Afrika, mara nyingi kuliko atakavyopenda. Tangu Septemba 2023 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada wana pia somo la misingi ya dola ya Urusi, na tangu Machi 2022 kuna sheria zinazoadhibu kile kinachohesabiwa kuwa ni kulidhalilisha jeshi. Haya hayamzuii mtu kujifunza padezhi. Yanamzuia kuuliza baadhi ya maswali darasani, na anayetaka kuichambua jamii hiyo kwa uhuru ajue kwamba atayauliza kwingine.

Kuhusu fedha, serikali ya Urusi imekuwa ikitoa nafasi 30,000 kwa mwaka kwa wageni wa nchi zote tangu 2023. Nafasi hiyo huondoa ada na huleta posho ndogo na haki ya kuomba bweni. Nauli ya ndege, bima na chakula ni juu ya mwanafunzi. Visa na Mastercard zilisitisha huduma zake Urusi Machi 2022, na kadi ya benki ya nyumbani haitatoa hata rubo moja huko, kwa hiyo familia inapaswa kujua kabla ya safari ni kwa njia gani itatuma fedha. Mwanafunzi wa muda wote katika chuo kilichoidhinishwa anaruhusiwa na sheria kufanya kazi bila kibali maalumu tangu 2020, lakini mwaka wa podfak hauachi muda wala lugha ya kufanyia kazi hiyo.

Kuna onyo ambalo mlinganisho wa haki hauwezi kuliruka. Shirika la habari la AP liliripoti Oktoba 2024 kwamba wasichana wa Kiafrika walioitikia matangazo ya kazi na masomo walijikuta wakiunganisha droni katika eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan. Barua ya chuo kikuu hutaja kitivo, namba ya programu na muda wa masomo. Mkataba wa kazi wenye neno masomo ndani yake ni kitu kingine. Tena, Februari 2022 vita ilifunga viwanja kadhaa vya ndege vya kusini, ukiwemo wa Voronezh. Na wenye umri wanakumbuka kwamba katikati ya miaka ya 2000 wanafunzi wa Kiafrika waliuawa na magenge ya wabaguzi katika St. Petersburg na Voronezh. Hali ya leo si ile, lakini mzazi anayeuliza kuhusu hilo hana woga wa bure.

London: maswali kabla ya lugha

Shahada ya Kirusi ya Uingereza kwa kawaida ni ya miaka minne, mmoja kati yake ukitumika nje ya nchi, na katika vyuo vya Scotland huweza kuwa mitano. Vyuo vingi hupokea wasiojua hata herufi moja. Mwanafunzi hupata vipindi vichache vya lugha kwa wiki, na wiki iliyobaki huenda katika kusoma na kuandika insha, mara nyingi kwa Kiingereza. Riwaya za mwaka wa kwanza husomwa zikiwa zimetafsiriwa. Kwa hiyo, Krismasi ya mwaka wa kwanza, aliye podfak anagombana na mlinzi wa bweni kwa Kirusi kibovu lakini chenye kasi, na aliye London anaandika kurasa tano zenye hoja kuhusu kufutwa kwa utumwa wa wakulima mwaka 1861 bila kuweza kuagiza chai. Ni picha niliyoitia chumvi kidogo, lakini haiko mbali na kweli.

Thamani ya idara hizi iko katika upana. Shule ya masomo ya Waslavi na Ulaya Mashariki ya UCL, chuo kikuu cha London, kwa mfano, ilianza mwaka 1915, na mhadhara wa ufunguzi ulitolewa na Tomáš Masaryk, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Tangu chimbuko lake chuo hicho kimewatazama Warusi pamoja na mataifa yaliyoishi chini ya madola makubwa. Huko mwanafunzi wa Kirusi anaweza kujifunza Kiukreni au Kipolandi kando, na tangu 2022 swali la Urusi kama himaya limekaa katikati ya mijadala ya taaluma nzima. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hilo si geni. Tuliozoea kujadili ukoloni kwa mfano wa Uingereza au Ujerumani tunakutana na himaya iliyopanuka kwa nchi kavu, ikautwaa Tashkent mwaka 1865, na baadaye ikajitangaza kuwa rafiki wa wanaopigania uhuru. Jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja ni mada ya insha nzuri, na mwanafunzi wetu ana la kusema ambalo mwenzake wa Leeds hana.

Udhaifu wake ni kinywa. Zamani mwaka wa nje uliuziba: mwanafunzi alikwenda St. Petersburg, Yaroslavl au Moscow na kurudi akizungumza. Tangu 2022 vyuo vya Uingereza vimeupeleka mwaka huo Almaty, Bishkek, Tbilisi, Tallinn au miji ya Latvia kama Daugavpils, ambako Warusi na wasemaji wa Kirusi ni wengi. Kabla ya kukubali nafasi, chuo kinapaswa kuulizwa kinawapeleka wapi wanafunzi wake na kwa miezi mingapi. Jibu la “inategemea” ni jibu baya.

Bei huhitimisha mjadala kwa wengi. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa katika vyuo vingi hupita pauni 20,000 kwa mwaka, bila kula wala kulala, na ruhusa ya kufanya kazi wakati wa muhula ni saa 20 kwa wiki. Mswahili aliyekulia Uingereza na mwenye hadhi ya mkazi yuko katika hesabu nyingine kabisa, na kwake njia hii ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Anayetoka Tanga au Kisumu bila mfadhili asijidanganye.

Almaty na Bishkek

Njia hii ilikuwa ikitajwa kama mbadala wa dharura, na nadhani haikutendewa haki. Wamarekani waliihamishia Almaty programu yao kuu ya mwaka wa ng'ambo wa Kirusi, katika Chuo Kikuu cha Al-Farabi, tangu 2014, miaka minane kabla ya wengine kulazimika. Bishkek ina Chuo Kikuu cha Kislavoni cha Kirgizia na Urusi, kilichoanzishwa 1993, na katiba ya nchi hiyo inakipa Kirusi hadhi ya lugha rasmi kando ya Kikirgizi, ambacho ni lugha ya taifa. Kirusi cha mjini humo ni Kirusi kamili. Mwenye duka, dereva wa basi dogo na daktari watakujibu kwa Kirusi, na kwa kuwa kwa wengi wao ni lugha waliyojifunza pia, huwa na subira na mgeni kuliko wenzao wa Moscow.

Msemaji wa Kiswahili atakuta hali anayoijua: watu wenye lugha ya nyumbani, lugha ya mjini na lugha ya ofisini, wanaohama kutoka moja hadi nyingine katikati ya sentensi. Hilo ni somo la utamaduni lisilofundishwa kwa kitabu. Mwaka 1916 watu wa Asia ya Kati waliasi dhidi ya dola ya tsar ilipotaka kuwakusanya kwa kazi za vita, na Wakirgizi wengi walikufa wakikimbilia Uchina kupitia milimani. Bishkek tukio hilo huitwa Urkun, na ziko familia zinazolisimulia kama jambo la babu yao. London litakuwa semina moja katika muhula wa himaya. Katika somo la utamaduni kwa wageni huko Moscow, mara nyingi halifikiwi.

Mapungufu yapo. Kirusi kinashindana na Kikazaki na Kikirgizi, ambazo serikali zinazikuza, na hostelini unaweza kukaa jioni nzima bila kusikia Kirusi. Ufadhili kwa mtu wa kutoka kwetu ni mchache kuliko wa Urusi, na shahada nzima ya filolojia ya Kirusi iliyochukuliwa Bishkek haina jina linalotambuliwa haraka na mwajiri. Majira ya baridi moshi wa makaa ya mawe huufunika mji huo kiasi cha kumtesa mwenye pumu. Kwa shahada kamili ningesita. Kwa mwaka mmoja au muhula mmoja wa kuzungumza, sidhani kama kuna mahali pazuri zaidi kwa sasa.

Nani aende wapi

Anayetaka ukalimani au tafsiri kama kazi ya maisha, ana umri wa miaka 18 au 19 na hana fedha nyingi, ningemshauri Urusi, mji wa kati badala ya Moscow, programu ya tafsiri iliyoandikwa wazi katika barua, na asikae chumba kimoja na mtu wa kwao mwaka wa kwanza. Kirusi ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na mkalimani huhukumiwa kwa kinywa chake kabla ya hoja zake. Lakini ajue kwamba soko halimtafuti anayejua Kirusi na Kiingereza, kwa kuwa hao wamejaa. Kirusi na Kiswahili kwa ufasaha ni jozi adimu zaidi. Warusi wenyewe wamekuwa wakifundisha Kiswahili Leningrad tangu 1934, na kwa hiyo hata jozi hiyo si yetu peke yetu.

Anayetaka utafiti, uandishi wa habari au diplomasia, na ana mfadhili au hadhi ya ukazi, aende idara ya nje ya Urusi yenye mwaka mzima Almaty au Bishkek ndani yake. Akikosa mfadhili, kuna mchanganyiko ambao watu hawaufikirii vya kutosha: kusoma historia, isimu au sayansi ya siasa nyumbani, kuanza Kirusi jioni, kisha kuomba nafasi ya Urusi kwa shahada ya uzamili, ambayo ni ya miaka miwili baada ya podfak. Mtu wa miaka 23 mwenye taaluma yake mkononi husikiliza mhadhara uliopigwa pasi kwa masikio tofauti na ya mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita.

Na anayetafuta shahada ya bei nafuu tu, Kirusi kikiwa njia, asichague filolojia. Achague taaluma anayoitaka na akichukue Kirusi kama chombo, maana miaka minne ya padezhi, historia ya lugha na ushairi wa kukariri ni mirefu mno kwa asiyeipenda.

Maombi ya nafasi za serikali ya Urusi huanza karibu mwaka mzima kabla ya masomo, na vyeti huhitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa kisheria, pamoja na cheti cha kipimo cha VVU kwa ajili ya viza ya muda mrefu. Nyumbani nako, mamlaka ya elimu ya juu, kama TCU kwa Tanzania, ndiyo itakayoitambua shahada utakaporudi, na ni bora kuwauliza sasa kuliko baada ya miaka mitano. Wakati vyeti viko kwa mtafsiri, muda unatosha kwa jaribio lisilo na gharama: jifunze zile herufi 33, kisha kila jioni kwa mwezi mmoja andika sentensi tano za safari ulizofanya siku hiyo, sokoni, kazini, msikitini au kanisani, ukichagua kati ya shol, hodil, yehal na yezdil. Atakayefika siku ya 30 akiwa bado ana hamu ya kujua kwa nini alikosea siku ya 29, huyo atume maombi.